Gita linapogeuka bendi nzima
Mpiga gita anaweza kupiga besi, tarumbeta na marimba ndani ya kompyuta bila kugusa kinanda

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika studio nyingi ndogo za muziki katika miji ya ukanda wetu wa Maziwa Makuu, utakuta mtu mmoja ameketi mbele ya kompyuta na kinanda kidogo. Huyo ndiye mpiga ngoma, ndiye mpiga besi, ndiye mpuliza tarumbeta.

Mpiga gita huwa pembeni akisubiri kuitwa. Akiitwa, ataweka mstari mmoja wa solo, atalipwa chake na kuondoka. Siku nyingine haitwi kabisa, kwa kuwa prodyuza amekwisha kupata sauti ya gita ndani ya kinanda chake.

Jambo hilo linauma zaidi katika eneo ambalo muziki wake ulijengwa juu ya gita. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2021, haiwezi kutajwa bila kutaja magita yake: la ridhimu, la kati, la solo na la besi.

Hata hivyo, kinanda si mlango pekee wa kuingilia kwenye kompyuta. Gita nalo linaweza kuunganishwa na kuiamuru kompyuta itoe sauti ya besi, ya fidla, ya saksafoni au ya ngoma. Mtu aliyetumia miaka kumi kujifunza gita hana haja ya kuanza upya kujifunza kinanda ili aweze kutengeneza wimbo mzima.

Makala haya yanawalenga wapigaji waliorejea nyumbani na gita begani, na pia wafanyabiashara wa mpakani ambao huulizwa na wateja wao kuhusu vifaa vya aina hii. Tutaeleza jinsi vinavyofanya kazi, matatizo yake, na mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Amri, si sauti

Msingi wa jambo lote ni mfumo unaoitwa MIDI. Mfumo huu ulianza kutumika mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa vinanda vya umeme kukubaliana kutumia lugha moja ili kinanda cha kampuni moja kiweze kuzungumza na cha kampuni nyingine. Waliosukuma makubaliano hayo ni Dave Smith wa Marekani, mwanzilishi wa Sequential Circuits, na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwanzilishi wa Roland. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya ufundi ya Grammy kwa kazi hiyo.

Wengi hudhani MIDI ni aina ya sauti. Si hivyo. MIDI ni amri. Unapobonyeza kinanda, kinachokwenda kwenye kompyuta ni taarifa tu: nota ipi imepigwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachwa lini. Sauti yenyewe inatengenezwa na kompyuta au kifaa kinachopokea amri hiyo.

Kila nota ina namba yake, kuanzia 0 hadi 127. Kwa gita lililofungwa kwa kawaida, uzi mnene wa juu ukipigwa wazi ni namba 40, na uzi mwembamba wa chini ni namba 64. Nguvu ya pigo nayo hupewa namba.

Kwa kuwa zinazohifadhiwa ni namba tu, unaweza kupiga wimbo leo kwa sauti ya filimbi, kesho ukaamua iwe tarumbeta, bila kurudia kupiga. Ukikosea nota moja, unaisogeza hiyo moja tu kwa kipanya cha kompyuta.

Faida nyingine ni wepesi wa faili. Sauti ya kawaida iliyorekodiwa kwa kiwango cha CD inachukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika moja, hivyo wimbo wa dakika tano ni megabaiti 50 hivi. Mstari wa besi wa wimbo huohuo ukiwa katika MIDI mara nyingi hauzidi kilobaiti makumi kadhaa. Mpigaji aliyeko Bujumbura anaweza kuutuma Nairobi kwa simu, kwa bando dogo kabisa.

Gita kuiga ala nyingine si jambo geni

Wapo watakaosema kwamba gita kutoa sauti ya ala nyingine ni mchezo wa Wazungu. Historia ya muziki wetu inasema vingine.

Benga ya Kenya ilizaliwa pale vijana wa Kijaluo walipohamishia kwenye gita namna ya kupiga nyatiti, ala yao ya nyuzi nane. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kupata jina upande wa Kenya, ni miongoni mwa walioisambaza benga pande zote mbili za mpaka hadi alipofariki mwaka 2006. Kule Zimbabwe, wapiga gita waliofuatana na Thomas Mapfumo walihamishia mbira kwenye nyuzi za gita la umeme.

Katika Katanga, Mwenda Jean Bosco alipiga gita kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo. Gumba lilishika besi na kidole cha pili kikaimba, mtu akadhani wanapiga watu wawili.

Wazee hao walifanya kwa vidole jambo ambalo leo vifaa vinalirahisisha. Kama tutakavyoona huko mbele, mtindo wa gumba na kidole cha shahada unakaa vizuri sana na gita la MIDI.

Njia tatu za kuunganisha

Kinanda ni rahisi kwa kompyuta, kwa sababu kila kibao ni kama swichi: kimebonywa au hakijabonywa. Gita halina swichi. Lina nyuzi zinazotetemeka, na lazima kifaa kisikilize mtetemo huo na kukisia ni nota gani. Kazi hiyo inafanyika kwa njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni pikapu ya nyuzi sita zilizotenganishwa. Pikapu ya kawaida ya gita la umeme huchanganya nyuzi zote katika waya mmoja. Hii husikiliza kila uzi peke yake, kisha hupeleka taarifa kwenye kikasha kinachozigeuza kuwa amri za MIDI. Roland ilianza kuuza magita ya sinthesaiza mwaka 1977 kwa modeli ya GR-500, na pikapu zake za GK zikawa za kawaida duniani. Mwaka 2013 kampuni ya Fishman ya Marekani ilileta TriplePlay, inayofanya kazi hiyo bila waya kati ya gita na kompyuta.

Njia ya pili ni programu ya kompyuta peke yake. Hapa unatumia gita la umeme la kawaida, waya wa kawaida, na kadi ya sauti ya nje inayoingia kwenye tundu la USB. Programu inasikiliza nyuzi zote kwa pamoja na kuzichambua. Inayojulikana zaidi ni MIDI Guitar ya kampuni ya Jam Origin ya Denmark, ambayo inafanya kazi kwenye kompyuta na pia kwenye iPhone na iPad. Hii ndiyo njia nafuu ya kuanzia, na ina toleo la kujaribu kabla ya kulipa.

Njia ya tatu ni kikasha kidogo kinachosoma nota moja kwa wakati mmoja, kama G2M cha Sonuus ya Uingereza. Hakiwezi kusoma nota nyingi zilizopigwa pamoja, lakini kwa mstari wa besi, filimbi au tarumbeta kinatosha.

Kwa nini sauti huchelewa

Mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza hulalamika jambo moja: napiga sasa, sauti inakuja baadaye. Wengi hudhani kifaa ni kibovu na kukirudisha dukani. Mara nyingi kifaa kizima, ila maumbile ya uzi ndiyo yanayochelewesha.

Uzi mnene wa juu unatetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mtetemo mmoja tu unachukua milisekunde 12. Ili kifaa kijue hiyo ni nota gani, kwa kawaida kinahitaji kusikia mtetemo zaidi ya mmoja. Ikiwa ni miwili, tayari milisekunde 24 zimepita. Ni kama kumsikiliza mwenzako akipiga ampli iliyo mita 8 kutoka ulipo.

Uzi mwembamba wa chini unatetemeka mara 330 kwa sekunde, na mtetemo wake mmoja ni milisekunde 3. Ndiyo maana nota za juu husomwa haraka. Mpiga solo wa sebene, ambaye kazi yake iko kwenye nyuzi nyembamba na juu ya shingo, atapata taabu ndogo kuliko mpiga ridhimu.

Sasa vipi kuhusu besi? Gita la besi likipigwa wazi kwenye uzi wake mnene hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde, na kulisoma moja kwa moja ni taabu. Dawa ni rahisi: piga mstari wa besi kwenye nyuzi za kawaida za gita, kisha iambie programu ishushe kila nota kwa nusu toni 12, yaani oktava moja. Nota namba 40 itakuwa namba 28, ambayo ndiyo uzi mnene wa besi. Ukiweza kuupiga mstari huo oktava mbili juu, kwenye nyuzi nyembamba, na kushusha nusu toni 24, sauti itakuja haraka zaidi.

Kompyuta nayo huongeza ucheleweshaji wake. Katika mipangilio ya kadi ya sauti kuna kiasi cha sampuli zinazokusanywa kabla ya kusikika. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, ukiweka 1,024 unaongeza milisekunde 23. Ukiweka 128 unaongeza 3 tu. Weka 128 wakati wa kurekodi. Ukisikia sauti inakatika-katika, panda hadi 256.

Namna ya kurekodi

Kwanza, funga gita vizuri kwa kifaa cha kupimia sauti. Uzi ukiwa nje kidogo, kompyuta huweza kusoma nota ya jirani. Nyuzi zilizochakaa nazo husomwa vibaya.

Pili, ikiwa una pikapu ya nyuzi sita, chagua hali ya mono. Katika hali hiyo kila uzi hupewa chaneli yake, na MIDI ina chaneli 16, kwa hiyo sita zinapatikana bila shida. Faida yake ni kwamba ukivuta uzi mmoja ili nota ipande, nyingine hazitapanda nao.

Tatu, hakikisha kiwango cha kupinda nota kinalingana pande zote mbili. Sinthesaiza nyingi zimewekwa nusu toni 2 tangu kiwandani, wakati kifaa cha gita mara nyingi huwekwa 12 au 24. Visipolingana, ukivuta uzi sauti itapanda kidogo tu, na wimbo wote utasikika umepotea njia. Kosa hili limewafanya wengi waseme gita la MIDI halina maana, wakati ni namba moja tu ya kurekebisha.

Nne, rekodi mistari miwili kwa wakati mmoja: MIDI kwenye mstari mmoja na sauti halisi ya gita kwenye mwingine. Baadaye unaweza kuchanganya kidogo ya gita la kweli ndani ya tarumbeta au fidla, na wimbo ukapata uhai.

Tano, safisha. Kidole kikigusa uzi kwa bahati mbaya, gita la kawaida halionyeshi sana, lakini kompyuta huandika nota. Utakuta vinota vifupi vyenye nguvu ndogo vimetapakaa. Futa vyote vilivyo chini ya nguvu fulani kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa mstari mzima umechelewa kwa kiasi kilekile, uvute mbele kwa milisekunde 20 hivi badala ya kunyoosha kila pigo. Ukinyoosha kila pigo sawasawa na saa, unaua mwendo wa rumba.

Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ni ya kweli kabisa. Anayecharaza nyuzi zote kwa fujo atapata fujo. Anayepiga nota moja moja kwa usafi, na kuzima uzi asioutumia kwa kiganja, atapata kazi nzuri.

Chagua pia sauti inayofaa. Fidla nyingi kwa pamoja huanza taratibu, hivyo huficha ucheleweshaji. Marimba na ngoma huanza kwa pigo kali na huufichua. Hizo zipige kwenye nyuzi nyembamba.

Gumba lishike besi

Turudi kwa mtindo wa Katanga. Kwa kuwa kila uzi una chaneli yake, unaweza kuamuru nyuzi tatu nene zitoe sauti ya besi, na tatu nyembamba zitoe sauti ya kalimba au saksafoni. Mtu anayepiga kwa gumba na kidole cha shahada ataweka besi na wimbo kwa pigo moja, kama alivyozoea.

Kalimba haikutajwa kwa bahati. Katika orodha ya sauti 128 iliyokubaliwa mwaka 1991 ili vifaa vyote vifanane, kalimba ni namba 109. Nyatiti, inanga na zeze hazimo. Lakini programu za leo zinaruhusu kurekodi ala halisi, nota moja baada ya nyingine, na kuzipangia namba. Studio ikimlipa mzee anayepiga inanga asubuhi moja tu, na kukubaliana naye kwa maandishi juu ya matumizi ya sauti hiyo, itakuwa na kitu ambacho hakipatikani kwenye kinanda chochote cha dukani.

Kabla ya kununua

Vifaa vingi vya aina hii vinavyofika kwetu ni vya mkono wa pili. Mnunuzi na mfanyabiashara wakague mambo haya.

Angalia tundu la waya. Vifaa vya kwanza vya Roland, kama GR-300 na GR-700, vilitumia waya wa pini 24. Vilivyofuata, ikiwamo pikapu ya GK-3, vinatumia pini 13. Mwaka 2023 ilitoka GK-5 yenye waya wa aina nyingine kabisa. Aina hizi haziunganiki bila kibadilishi, nacho kinagharimu fedha. Kikasha kisicho na waya wake ni nusu ya bidhaa.

Angalia nyuzi. Pikapu ya sumaku husoma nyuzi za chuma tu. Gita la nyuzi za nailoni linahitaji pikapu ya aina nyingine, kama zile zinazofungwa kwenye baadhi ya magita ya Godin ya Kanada.

Jaribu kila uzi peke yake, kuanzia chini ya shingo hadi juu. Uzi mmoja usipojibu, huenda koili yake imekufa. Pikapu nayo ikae karibu na daraja la nyuzi, kwa nafasi ya takriban milimita 1 kutoka kwenye uzi uliobanwa mwisho wa shingo.

Hakikisha pia kwamba kompyuta ya mteja inakipokea. Kifaa cha zamani chenye USB huenda kikahitaji programu-endeshi ambayo Windows za sasa hazina. Kile chenye tundu la MIDI la pini tano huhitaji tu waya wa kukigeuza kwenda USB.

Suala la forodha nalo lisisahaulike. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kifaa cha Japani au Marekani hakiingii humo, hata kama umekinunua Kampala au Nairobi. Kwa upande wa anayerejea nyumbani moja kwa moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa vitu binafsi na vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka, kwa masharti. Gita lako litaje mapema kwa ofisa wa forodha na uwe na risiti, badala ya kusubiri liulizwe.

Je, kuna haja?

Kwa anayepiga jukwaani tu na bendi kamili, pengine hakuna haja. Besi ya mtu wa kweli na tarumbeta ya mtu wa kweli bado ni bora kuliko za kompyuta, na wapo wanamuziki wanaohitaji ajira hiyo.

Lakini kwa mpigaji anayetunga peke yake chumbani, asiye na fedha za kuwaita watu wanne studioni, mambo ni tofauti. Anaweza kuandaa wimbo mzima, akauonyesha kwa bendi jinsi besi inavyokwenda na wapi tarumbeta zinaingia, kisha akaingia studioni akiwa na kazi nusu imekamilika. Saa za studio zinapungua, na gharama zinapungua nazo.

Zaidi ya hayo, anayeketi mbele ya kompyuta ndiye mara nyingi anayeandikwa kuwa mtengenezaji wa wimbo, na ndiye anayepata sehemu yake mapato yanapogawanywa. Mpiga gita akiweza kuweka besi, ridhimu na tarumbeta kwa gita lake mwenyewe, ana hoja ya kudai jina lake liandikwe hapo.

Anza na ulichonacho. Pakua toleo la majaribio, azima kadi ya sauti, na upige mstari mmoja wa besi unaoujua vizuri, oktava moja juu. Ukipata matokeo, ndipo ufikirie kununua pikapu.